Oliver Heaviside, mtu aliyejua sauti inapotelea wapi ndani ya waya

Ukifika kwenye kituo chochote cha redio ya FM, kiwe cha hapa Ifakara au cha kwingine, zunguka nyuma ya jengo utazame mnara. Utaona waya mmoja mnene, mweusi, umetoka kwenye chumba cha mitambo na kupanda mpaka kwenye antena. Wageni wengi huutazama mnara, hushangaa urefu wake, kisha huondoka. Ule waya hakuna anayeuuliza. Lakini kila neno unalolisikia kwenye simu yako ukiwa Mang'ula, Mlimba au ng'ambo ya mto kule Ulanga limepita humo kwanza, na sehemu ya nguvu yake imepotelea humohumo kabla ya kugusa hewa.

Waya wa aina hiyo una waya mwingine katikati, umezungukwa na kitu kisichopitisha umeme, halafu umefunikwa na bomba au wavu wa shaba. Mafundi wanauita kebo ya koaksia. Kinachoshuka kutoka kwenye dishi la televisheni nyumbani kwako ni ndugu yake mdogo. Hataza yake, yaani haki anayopewa mgunduzi, ilitolewa Uingereza mwaka 1880 kwa kijana wa miaka 30 hivi aliyeitwa Oliver Heaviside. Hakuwa na kazi, hakuwa na shahada, alikuwa anaishi kwa wazazi wake na masikio yake hayakusikia vizuri. Redio yenyewe ilikuwa haijazaliwa.

Wasikilizaji wengi hutuandikia wakiuliza kwa nini matangazo yanakwaruza katika vijiji fulani, na kwa nini kituo kisiongeze nguvu tu ya mtambo yakafika kote. Mimi nilisomea utangazaji, si uhandisi, lakini jibu la swali hilo limo ndani ya maisha ya mtu huyu, na ni maisha ambayo hayasimuliwi sana kwa Kiswahili.

Mtoto wa Camden Town

Oliver alizaliwa tarehe 18 Mei 1850 katika mtaa wa Camden Town, London. Baba yake, Thomas, alikuwa fundi wa kuchonga picha kwenye mbao kwa ajili ya vitabu na magazeti, kazi iliyokuwa inakufa polepole kadiri upigaji picha ulivyosonga mbele. Nyumba ilikuwa na dhiki. Akiwa mdogo Oliver alipata homa ya vipele vyekundu, akapona, lakini homa ilimwachia uziwi. Hakuwa kiziwi kabisa. Alisikia kwa shida, na shida ya namna hiyo humtenga mtoto na wenzake kuliko watu wanavyodhani.

Darasani alikuwa mwepesi. Mwaka 1865, katika mtihani uliofanywa na wanafunzi zaidi ya 500, alishika nafasi ya tano. Akiwa na miaka 16 shule ikaishia hapo, maana fedha ya kuendelea haikuwepo. Kuanzia siku hiyo hakukaa tena mbele ya mwalimu. Hesabu ngumu alizokuja kuzitumia, ambazo leo watu wanazisoma chuo kikuu, alijifundisha mwenyewe kwa kuazima vitabu.

Bahati yake ilikuwa moja: dada wa mama yake aliolewa na Charles Wheatstone. Huyu ndiye aliyeshirikiana na mwenzake kupata hataza ya simu ya maandishi ya umeme huko Uingereza mwaka 1837, ile tunayoiita telegrafu. Kwa njia ya mjomba huyo, Oliver na kaka yake Arthur waliingia katika kazi ya nyaya. Mwaka 1868, akiwa na miaka 18, Oliver alipata kazi kwenye kampuni ya Denmark iliyokuwa na waya chini ya bahari kati ya Denmark na Uingereza. Alianza huko Denmark, akarudi baadaye kufanya kazi Newcastle.

Kwenye waya huo aliona jambo la ajabu. Ujumbe ulikwenda haraka zaidi ukitumwa upande mmoja kuliko ukitumwa upande wa pili. Waya ni uleule, bahari ni ileile! Waendeshaji wenzake walilizoea wakaliacha. Yeye hakuliacha, na baadaye alitoa maelezo ya kihesabu: mambo hayakuwa sawa kwenye ncha mbili za waya, na kilichoko kwenye ncha hugeuza mwenendo wa kilichoko katikati. Likumbuke hilo la ncha, tutalirudia tukifika kwenye mnara.

Mwaka 1874, akiwa na miaka 24, aliacha kazi. Hakuajiriwa tena mahali popote mpaka alipokufa, nusu karne baadaye. Alirudi kwa wazazi wake, akajifungia chumbani na kitabu kikubwa cha James Clerk Maxwell kuhusu umeme na sumaku kilichotoka mwaka 1873. Watu wa kijiji chochote wangesema kijana amepotea.

Waya unaokula maneno

Ili tumwelewe, tuangalie tatizo lililokuwa linawasumbua wakubwa wa wakati ule. Lilifika mpaka pwani yetu. Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza ilitandaza waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea Msumbiji mpaka Durban. Habari ambazo zilikuwa zinasubiri meli kwa wiki nyingi zikaanza kutoka Zanzibar na kufika London kwa kurushwa kituo hadi kituo. Lakini waya mrefu wa baharini haukuwa kama kengele, ugonge huku isikike kule mara moja. Ulikuwa unakula maneno.

Ukibonyeza mgongo mmoja mfupi wa umeme upande huu, upande wa pili ulitoka umetanuka, mrefu, mlegevu. Ukibonyeza haraka haraka, migongo iliingiliana ikawa uji. Waya wa kwanza wa kuvuka bahari ya Atlantiki, mwaka 1858, ulitumia saa 16 hivi kupitisha salamu za Malkia Victoria, maneno 98 tu. Aliyesimamia umeme wake, Whitehouse, akaona dawa ni nguvu. Akausukumia umeme wa volti zipatazo 2,000. Waya ulikufa baada ya wiki chache.

Mwanasayansi William Thomson, aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, alikuwa ameshatoa hesabu zake mwaka 1855. Alionyesha kwamba ukiuongeza waya mara mbili kwa urefu, ucheleweshaji unaongezeka mara nne. Hesabu hiyo ilisaidia sana nyaya za baharini, lakini iliacha kitu kimoja nje. Kitu hicho ndicho Heaviside alikirudisha ndani, kuanzia maandishi yake ya mwaka 1876.

Alisema kila kipande cha waya, hata cha sentimita moja, kina tabia nne. Ya kwanza ni ukinzani: shaba yenyewe inaushika umeme na kuugeuza joto. Ya pili ni mvujo: umeme kidogo unapenya kwenye kizuio na kutoroka, kama maji yanavyonyonywa na kingo za mfereji wa shamba. Ya tatu inaitwa kapasitansi. Ifikirie kama vishimo pembeni mwa mfereji huohuo. Maji hayasongi mbele mpaka yamevijaza kwanza, na ukifunga maji, vishimo vinaendelea kuyarudisha kidogo kidogo. Hiyo ndiyo inayoutanua mgongo wa umeme.

Ya nne ni induktansi, nayo ndiyo ile iliyokuwa imeachwa. Umeme ukipita kwenye waya huzaa sumaku kuuzunguka, na sumaku hiyo huleta uzito. Chukua baiskeli uipakie gunia la mpunga. Kuianzisha ni kazi, lakini ikishaanza kwenda haisimami kwa kikwazo kidogo. Baiskeli tupu huanza haraka na hupoteza mwendo haraka vilevile.

Sasa sauti ya mtu si kitu kimoja. Ndani yake mna sauti nene na sauti nyembamba zimechanganyika. Waya wa kawaida huzipunguza kwa viwango tofauti na kuzifikisha kwa nyakati tofauti, kwa hiyo simu ilipokuja, mtu aliongea upande huu akasikika upande wa pili kama anaongea ndani ya mtungi. Heaviside alionyesha mwaka 1887 kwamba yapo masharti ambayo yakitimia, sauti zote hufika pamoja, zimepungua kwa kipimo kimoja, na umbo la neno halivunjiki. Sharti ni uwiano: ukinzani ugawanywe kwa induktansi, mvujo ugawanywe kwa kapasitansi, majibu mawili yawe sawa.

Kwenye nyaya za kweli hayakuwa sawa. Ukinzani ulikuwa mkubwa mno ukilinganisha na induktansi. Unaweza kupunguza ukinzani kwa kununua shaba nene, ambayo ni ghali. Unaweza kuongeza mvujo, lakini huko ni kumwaga maji ili mfereji ulingane. Au unaongeza induktansi: unaipakia baiskeli gunia. Hilo la mwisho ndilo aliloliona kuwa jepesi na la bei ndogo, na ndilo lililomponza.

Ugomvi na Posta

Mkuu wa umeme katika Posta ya Uingereza, iliyokuwa inamiliki nyaya za nchi nzima, alikuwa William Preece. Preece aliamini na kufundisha hadharani kwamba induktansi ni adui wa simu, inapaswa kuondolewa kwa kila njia. Alikuwa na sababu. Alikuwa ameona kwa macho kwamba nyaya za shaba zinapitisha sauti vizuri kuliko za chuma, na chuma kina sumaku nyingi, hivyo akahitimisha kwamba sumaku ndiyo mbaya. Kumbe chuma kilikuwa kibaya kwa sababu nyingine, hasa ukinzani wake. Ni kosa ambalo mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi kazini anaweza kulifanya kwa urahisi kuliko mwanagenzi.

Mwaka huo wa 1887 Oliver na kaka yake Arthur, ambaye alikuwa mhandisi wa Posta chini ya Preece, waliandaa makala kuhusu simu iliyokuwa na wazo hili ndani yake. Makala ilipitia mikononi mwa Preece, na Preece akaizuia. Arthur alikuwa na mkate wa kulinda, akanyamaza. Oliver hakuwa na mkate wowote wa kupoteza, akaendelea kuandika katika jarida la wahandisi wa umeme ambalo mhariri wake alimpa nafasi kwa miaka kadhaa. Kabla mwaka haujaisha mhariri huyo aliondolewa, na aliyefuata akaukata mfululizo wa Heaviside.

Lakini nisimfanye Preece shetani wa hadithi. Huyuhuyu ndiye aliyempokea Marconi mwaka 1896, kijana mgeni asiyejulikana, akampa msaada wa Posta kujaribu redio. Naye Heaviside hakuwa mtu mwepesi. Maandishi yake yalikuwa magumu mno, yamejaa alama za hesabu alizozibuni mwenyewe na kejeli kali kwa wakubwa. Alikuwa sahihi na hakujali kama msomaji anamfuata au ameachwa njiani. Sisi tunaoishi kwa kueleza mambo kwa wengine tunaona pale alipojinyima wenyewe wa kumtetea.

Utetezi ulikuja hata hivyo. Mapema mwaka 1889 Thomson, yule wa hesabu za mwaka 1855, alisimama mbele ya chama cha wahandisi wa umeme akiwa rais wao na kuisifu kazi ya Heaviside. Mzee aliyekuwa ameiacha tabia ya nne nje alikubali hadharani kwamba kijana ameirudisha mahali pake. Mwaka 1891 Heaviside alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London, heshima kubwa kuliko zote kwa mwanasayansi wa nchi ile. Kwenda mwenyewe kupokewa, hakwenda.

Fedha zilikwenda kwingine. Mwishoni mwa karne Wamarekani wawili, Michael Pupin wa Chuo Kikuu cha Columbia na George Campbell wa kampuni ya simu ya AT&T, walionyesha namna ya kutekeleza wazo hilo: kuweka koili za waya, vifurushi vya induktansi, kila baada ya umbali uliopigiwa hesabu kwenye laini ya simu. Pupin alipata hataza mwaka 1900, kampuni ikamnunulia kwa fedha nyingi. Huko Denmark, mhandisi Krarup akafanya kwa namna nyingine, akaizungushia shaba waya mwembamba wa chuma kwa urefu wote. Mwaka 1911 mtu wa New York aliongea na mtu wa Denver kwa laini ya koili kama hizo, bila mashine yoyote ya kukuza sauti njiani. Heaviside hakuwa amechukua hataza ya wazo lile. Alilichapisha tu, mwenye macho asome.

Ngozi ya waya

Turudi kwenye ule waya mnene wa mnarani, maana hapa ndipo kazi yake inapotugusa moja kwa moja.

Umeme wa nyumbani kwetu, ule unaotoka Kidatu na Kihansi, hugeuka mwelekeo mara 50 kwa sekunde. Mawimbi ya FM hugeuka karibu mara milioni 100 kwa sekunde. Heaviside alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupiga hesabu za jambo linalotokea kasi hiyo inapopanda: umeme unakimbia katikati ya waya na kujazana kwenye ngozi yake ya nje. Kwa umeme wa nyumbani ngozi hiyo kwenye shaba ina unene wa milimita 9 hivi, maana yake waya wa kawaida unatumika wote. Kwa mawimbi ya FM ngozi ni chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Karatasi ya daftari ni nene mara kumi na zaidi.

Shaba yote iliyobaki ndani ni mzigo tu. Njia imekuwa nyembamba, ukinzani umepanda, na nguvu inageuka joto. Ndiyo sababu kwenye kebo kubwa za redio waya wa katikati ni bomba tupu: ndani hakuna umeme wa kupita, kwa nini ujaze shaba? Na ndiyo sababu dawa ya kebo ya mnara ni unene, kwa vile mzingo mkubwa una ngozi pana. Upotevu huu hupanda pia na kasi ya mawimbi. Kasi ikiongezeka mara nne, upotevu wa shaba, kwa kipimo cha mafundi cha desibeli, huongezeka mara mbili. Dishi la televisheni hupeleka chini mawimbi ya kasi kubwa zaidi ya FM, kwa hiyo waya wake unadai uangalifu zaidi.

Tuchukue mfano wa mita 30 kutoka mtambo hadi antena, na mtambo wa wati 100. Ukitumia kebo nyembamba ya milimita 5, ya bei nafuu, zinazofika juu ni wati 33 hivi. Theluthi mbili zimepasha waya joto. Ukitumia ya milimita 10, zinafika kama wati 63. Ukitumia ile nene kama mpini wa jembe, yenye bomba la shaba lililojikunja kama koo la kuku, zinafika zaidi ya 90. Mtambo ni uleule, umeme wa kulipia ni uleule. Kituo kinachonunua mtambo mkubwa na kuufunga kwenye kebo nyembamba kinafanya alichofanya Whitehouse mwaka 1858, isipokuwa cha kwetu kinalipa bili kila mwezi.

Sasa lile jambo la ncha. Heaviside alionyesha kwamba wimbi likifika mwisho wa waya likakuta kifaa kisicholingana na waya wenyewe, sehemu yake hurudi lilikotoka, kama wimbi la maji linavyogonga lango la mfereji na kurudi. Kipimo cha kulingana huko kinaitwa impidansi, na jina hilo alilitunga yeye. Mitambo ya redio hutengenezwa kwa omu 50, waya za televisheni ni omu 75. Ukiziunganisha moja kwa moja, asilimia 4 ya nguvu inarudi. Asilimia 4 ni kidogo. Antena iliyokatika au kiungo kilichojaa kutu hurudisha sehemu kubwa, na nguvu hiyo ikirudi kwenye mtambo inaweza kuuchoma.

Kwenye bonde letu adui mkubwa wa kebo ni maji. Kuanzia Machi mpaka Mei, mvua ikipenya kwenye kiungo kibovu, inatambaa ndani ya povu jeupe linalotenganisha shaba ya katikati na ya nje. Hapo mvujo na kapasitansi vyote vinabadilika, uwiano unaharibika, na hata jua likiwaka wiki nzima ndani hapakauki. Vituo vikubwa hujaza hewa kavu au naitrojeni ndani ya kebo kwa msukumo kidogo ili unyevu usiingie. Nyumbani inatosha kiungo kiwe cha skrubu, kimefunikwa vizuri, na waya uache kitanzi kidogo chini ya dirisha ili maji yadondokee nje badala ya kufuata waya mpaka kwenye king'amuzi. Waya uliokatwa na kuungwa kwa kusokota na nailoni una ncha mbili mpya pale katikati, na kila ncha inarudisha wimbi. Kuukunja kwa pembe kali kunaleta ncha nyingine isiyoonekana. Na kama waya una mita 40 wakati dishi liko mita 10, ufupishe; waya uliozungushwa nyuma ya kabati unakula mawimbi sawasawa na ulionyooka.

Ukitazama minara ya simu inayojengwa siku hizi, utaona masanduku yamewekwa juu kabisa, karibu na antena. Hiyo ni mitambo yenyewe imepandishwa ili kebo ya shaba iwe fupi, na kinachopanda kutoka chini ni nyuzi za kioo zinazobeba mwanga. Nyuzi za namna hiyo ndizo zilizofika Dar es Salaam kwa njia ya bahari mwaka 2009, katika pwani ileile iliyopokea waya wa telegrafu miaka 130 kabla.

Tabaka la angani

Mwaka 1889 familia ilihamia Paignton, mji wa pwani kusini magharibi mwa Uingereza, wakakaa juu ya duka la vyombo vya muziki la kaka yake mwingine. Wazazi walikufa huko, mama mwaka 1894 na baba mwaka 1896. Rafiki zake wanasayansi walijaribu kumpa msaada wa fedha akaukataa akiona ni sadaka. Baadaye alikubali pensheni ya serikali ya pauni 120 kwa mwaka, kwa kuwa ilielezwa kuwa ni heshima ya kazi yake. Hakuoa. Alipenda baiskeli, na alipenda chumba chenye joto kali kiasi kwamba wageni walishindwa kukaa. Bili za gesi zilimtesa uzeeni.

Wakati huo ameshafanya jambo lingine kubwa: ile milinganyo ya Maxwell, iliyokuwa ishirini, aliipanga upya ikawa minne, na ndiyo inayofundishwa vyuoni leo kwa jina la Maxwell.

Kisha mwaka 1902 akaandika sentensi chache ndani ya kamusi elezo kubwa ya Uingereza. Mwishoni mwa 1901 Marconi alikuwa amedai kupokea mawimbi ya redio kuvuka Atlantiki, na wataalamu walishangaa, kwa maana dunia ni mviringo na mawimbi hayakupaswa kuufuata mzingo wake. Heaviside akapendekeza kwamba huenda juu angani kuna tabaka linalopitisha umeme, na mawimbi yanaongozwa kati yake na bahari, kama yanavyoongozwa na waya. Mwaka huohuo Kennelly, huko Marekani, alisema karibu hivyohivyo.

Wazee wetu waliokuwa wakizungusha kitasa cha masafa mafupi usiku, wakaipata Idhaa ya Kiswahili ya BBC kutoka London au vituo vya nchi za mbali, walikuwa wanasikia mawimbi yaliyogonga matabaka ya angani na kurudi chini. Mawimbi ya FM hayarudishwi. Yanapenya na kwenda zake angani. Kwa hiyo FM haina msaada wa mbinguni. Inakwenda mstari ulionyooka, ikikutana na Milima ya Udzungwa inakoma, na aliye nyuma ya kilima anapata mabaki. Ndiyo maana kila wati inayopotea kwenye kebo tunaihesabu: haipo njia nyingine ya kuifidia isipokuwa mnara mrefu zaidi au mtambo wa pili upande wa pili wa mlima.

Miaka yake ya mwisho aliishi Torquay, karibu na Paignton. Mwaka 1905 Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, kilimpa shahada ya heshima ya udaktari, yeye aliyeacha shule na miaka 16. Mwaka 1922 wahandisi wa umeme wa Uingereza walianzisha nishani ya Faraday, na mtu wa kwanza kabisa kupewa alikuwa yeye, akiwa na miaka 72, anaishi peke yake katika nyumba baridi.

Mwishoni mwa 1924 Edward Appleton na mwenzake walifanya jaribio la redio lililothibitisha kwamba tabaka la angani lipo kweli, kilomita mia moja hivi juu ya vichwa vyetu. Wiki chache baadaye Heaviside alianguka kutoka kwenye ngazi nyumbani kwake. Alikufa tarehe 3 Februari 1925, akazikwa Paignton, kaburi moja na wazazi wake.

Ile hataza ya 1880 ilikuwa imekwisha muda zamani, kwa kuwa hataza za wakati ule zilidumu miaka 14. Kebo ya koaksia yenyewe ilianza kutumika kwa masafa marefu baada ya kifo chake. Mwaka 1936 Wamarekani waliijaribu kati ya New York na Philadelphia. Mwaka 1956 kebo ya kwanza ya simu ya kuvuka Atlantiki ilikuwa ya aina hiyo, ikibeba mazungumzo 36 kwa wakati mmoja, katika bahari ileile ambako maneno 98 yalikuwa yametumia saa 16.